Sura ya Sita: Jina na Makazi Yake

Kikokotoo cha kwanza cha mkononi cha kampuni ya Hewlett-Packard ya Marekani, HP-35 cha mwaka 1972, kilikuwa na mahali pamoja tu pa kuwekea nambari, ukiondoa yale madaraja manne ambamo hesabu iliyo mbioni hupandishwa na kuteremshwa, na aliyekitumia hakuwa na haja ya kujiuliza nambari yake ameiweka wapi, kwa kuwa pa kuiweka palikuwa ni hapo hapo. Miaka miwili baadaye kikaja HP-65, chenye uwezo wa kushika programu ya hatua 100 na kuinakili juu ya kijikadi cha sumaku, na chenye rejista tisa zilizotambulikana kwa tarakimu zao. Na mwaka 1976 kikaja HP-25C, ambacho mwenyewe alipokizima hakikusahau alichokabidhiwa. Hili la mwisho ndilo lililozaa mashaka yote ambayo sura hii imekusudia kuyaeleza, maana kinachofutika kila jioni hakihitaji mpango, ama kinachobaki hata kesho na kesho kutwa ni amana, na amana yataka ijulikane iko wapi, ni ya kazi gani, na itaondolewa lini.

Hata hivyo, kwa muda mrefu udogo wa kumbukumbu ulikuwa ndio mlinzi wa utaratibu. HP-28C, kilichotoka mwaka 1987, kilikuwa na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kuandikia, na sehemu ya hizo ilichukuliwa na mashine yenyewe kwa shughuli zake. Ndani ya chombo hicho wahandisi wa Corvallis, katika jimbo la Oregon, miongoni mwao mwanafizikia William Wickes, walileta lugha mpya iitwayo RPL, iliyoukutanisha uandishi wa hesabu unaotanguliza nambari na kuichelewesha alama, yaani ule uliopatikana kwa kuupindua uandishi wa mwanamantiki wa Kipolandi Jan Łukasiewicz, na fikra zilizotoka katika lugha ya Lisp. Katika RPL nambari ya kawaida, nambari changamani, matriki, orodha, mlinganyo, maandishi, na programu nzima, vyote vina haki sawa: kila kimoja chaweza kuwekwa juu ya rundo la hesabu iliyo mbioni, na kila kimoja chaweza kupewa jina na kuhifadhiwa. Mwaka uliofuata, 1988, kikatoka HP-28S chenye kilobaiti 32, mara kumi na sita ya zile za kwanza, na pamoja na wasaa huo zikaja saraka. Siamini kwamba mambo hayo mawili yalifuatana kwa sadfa, kwa sababu mtu mwenye majina kumi huyaona yote kwa mtupo mmoja wa jicho, ilhali mwenye majina mia mbili amekwisha kupotea asipowekewa njia.

Tukichukue basi HP-48SX cha mwaka 1990, na ndugu yake HP-48GX cha mwaka 1993, kwa kuwa ndivyo vilivyoifikisha elimu hii kwenye ukamilifu wake, na kwa kuwa wapimaji ardhi, wahandisi na wanafunzi wengi duniani walijifunza humo adabu ya kuhifadhi. Cha kwanza kilikuwa na kilobaiti 32 na cha pili 128. Chini ya kioo pana vitufe sita vyeupe visivyoandikwa kitu, na maana ya kila kimoja huandikwa juu yake, kwenye ukingo wa chini wa kioo, kwa kubadilika kulingana na menyu iliyofunguliwa. Ukibonyeza VAR, majina uliyohifadhi hujipanga hapo sita sita, lililoingia mwisho likiwa la kwanza kushoto, na kitufe cha NXT hukupeleka kwenye sita mengine. Jina laweza kuwa na herufi hata 127, lakini kibandiko cha kioo huonyesha zipatazo tano tu, kwa hiyo majina mawili marefu yanayoanza kwa namna moja huonekana kwa mtumiaji kama pacha wasioweza kutofautishwa, na mwenye busara huziweka tofauti za majina yake katika herufi za mwanzo.

Amri ya kuhifadhi ni STO na ya kurejesha ni RCL. Kinachohifadhiwa chini ya jina ndicho tunachokiita kigeu, na kila kigeu kina uzito wake, unaoweza kuulizwa kwa amri ya BYTES. Mwenye kuuliza hushangaa kuona nambari ya kawaida ikipimwa baiti 10.5, kwa maana amezoea kuambiwa kwamba baiti haigawanyiki; walakin prosesa ya vyombo hivi, iitwayo Saturn, huhesabu kumbukumbu kwa vipande vya biti nne, yaani nusu baiti, na nambari ya kawaida humeza vipande 21 vya namna hiyo: vitano vya kutangaza kwamba kitu hiki ni nambari, na kumi na sita vya nambari yenyewe. Ajabu zaidi ni kwamba nambari nzima ndogo, kuanzia hasi 9 hadi 9, hupimwa baiti 2.5 tu, kwa sababu zimekwisha kuandikwa kiwandani katika kumbukumbu ya kudumu, na mashine haihitaji kuweka ila anwani ya pale zilipo. Mambo haya yaweza kuonekana madogo kwa msomaji wa leo, ambaye picha moja ya simu yake isingeenea katika vikokotoo hivi ishirini. Lakini kwa mtu aliyepewa kilobaiti 32 kwa maisha yake yote ya kazi, kuijua gharama ya kila kitu kulikuwa ni sehemu ya ustadi, na mimi nadhani ustadi huo ulimfanya aandike programu fupi na zilizo wazi kuliko ambazo angeziandika akiwa na wasaa.

Sasa tuje kwenye saraka, ambazo ndizo kiini cha maneno yetu. Saraka ya juu kabisa huitwa HOME, na haiwezi kufutwa wala kubadilishwa jina. Ndani yake mtumiaji huweza kuunda nyingine kwa amri ya CRDIR, na ndani ya hizo nyingine tena, kwa kina anachokitaka. Na jina la saraka huonekana katika menyu ya VAR pamoja na vigeu vya kawaida, likitambulika kwa kialama kidogo kilichojitokeza juu ya kibandiko chake. Kulibonyeza ni kuingia. Amri ya UPDIR humtoa mtu ngazi moja kwenda juu, HOME humrejesha mwanzo moja kwa moja, na PATH humwandikia juu ya rundo orodha ya njia yote aliyoipita. Ukiziona hivyo utadhani ni kabati za kupangia vitu tu, na wengi ndivyo walivyozidhani, wakazitumia miaka mingi bila kutambua kwamba saraka hubadili maana ya majina.

Kanuni yenyewe ni hii. Mashine ikikutana na jina, hulitafuta kwanza katika saraka iliyo wazi wakati ule. Isipolipata hupanda kwenye saraka iliyoizaa hiyo, kisha kwenye iliyoizaa hiyo nayo, hadi HOME. Na mahali pa kwanza jina linapopatikana ndipo msako unapokoma. Kamwe haishuki kwenye saraka za chini, wala haiendi kando kwenye saraka za ubavuni. Ni kama mtu aliye chumba cha ndani katika nyumba kubwa ya mawe ya mwambao: akiita jina, atakayeitika kwanza ni aliyemo humo chumbani, asipokuwapo ataitika wa msana wa mbele yake, na asipokuwapo huyo ataitika wa daka la nje, walakin waliomo chumba cha pili, ingawa ukuta ni mmoja, hawamsikii, na aliye dakani akiita, wa ndani hawatoki. Basi jina moja, tuseme A, laweza kuwa upana wa kiwanja ndani ya saraka moja na nguvu ya mkondo wa umeme ndani ya nyingine, na hayo mawili yasigombane hata siku moja. Na kipimo kinachohitajika na kazi zote, kama vile mvutano wa ardhi wa 9.81, chaweza kuwekwa mara moja tu katika HOME, kikasikika na kila saraka iliyo chini yake.

Lakini kusoma hupanda, na kuandika hakupandi. Hapa ndipo watu wazima wenye elimu yao walipoteleza, na napenda msomaji atue. Amri ya STO huweka kitu katika saraka iliyo wazi, basi. Haitafuti kama jina hilo liko juu. Tuseme umeweka kipimo kiitwacho K katika HOME chenye thamani ya 5, kisha ukaingia katika saraka ya kazi yako, ukakiona kinaitika vizuri kwa 5, ukaamua kukirekebisha kiwe 7, ukahifadhi. Hukukirekebisha. Umezaa K wa pili ndani ya saraka ile, na tangu hapo humo ndani utaitikiwa 7, na kwingineko kote utaitikiwa 5, na mashine haitakuonya kwa neno wala kwa mlio, kwa kuwa kwa kanuni zake hapana kosa lililofanyika. Hali kadhalika PURGE, amri ya kufuta, hufuta kilichomo katika saraka iliyo wazi peke yake. Na ukimfuta yule K wa pili, yule wa kwanza hudhihirika tena na 5 yake, jambo ambalo kwa asiyeijua kanuni hufanana na mzuka. Mimi naona waliobuni chombo hiki walichagua sawasawa, kwa maana kama kuandika nako kungepanda, programu moja iliyoandikwa kwa haraka katika saraka ya chini ingeweza kuharibu vipimo vya kazi zote bila mwenyewe kujua. Lakini uchaguzi huo unamtaka mtumiaji ajue wakati wowote amesimama wapi, na kwa ajili hiyo njia ya saraka iliyo wazi huandikwa juu ya kioo muda wote, ndani ya mabano.

Kuna na upande wa pili wa kanuni hii, nao ni jina ambalo halipatikani popote. Katika lugha nyingi za kompyuta hilo ni kosa, na kazi husimama. Katika RPL jina lisilo na kitu hubaki kuwa jina, na mashine huendelea kulifanyia hesabu za aljebra kama vile mwalimu afanyavyo ubaoni: X mraba ikinyambuliwa kwa X hutoa 2 mara X. Lakini ikiwa wiki mbili nyuma ulitumia kile chombo cha kutatua milinganyo, nacho kikaiacha X ikiwa na thamani ya 3 katika saraka hiyo au yoyote iliyo juu yake, basi jibu litakuwa 6, na mwanafunzi atakaa akitafuta kosa katika kanuni za unyambuaji ilhali kosa liko katika usafi wa saraka zake. Kutokuwapo kwa kigeu kuna maana kamili katika mashine hii, na kwa hiyo kufuta ni sehemu ya hesabu sawa na kujumlisha. Napenda kumwusia kila mwenye kazi za aljebra asihifadhi kabisa herufi kama X, Y na T katika HOME, kwa sababu kilichoko HOME hakuna pa kukikimbilia.

Yako majina mengine ambayo mashine yenyewe imeyatenga kwa matumizi yake: EQ ni mlinganyo unaoshughulikiwa, PPAR ni vipimo vya mchoro wa grafu, ΣDAT ni data ya takwimu, CST ni menyu aliyojitungia mtumiaji. Haya nayo huishi katika saraka kama majina mengine, na hapo pana faida kubwa ambayo aghalabu haitumiwi ipasavyo. Kwa kuwa kila saraka yaweza kuwa na EQ yake na PPAR yake, mtu mwenye saraka ya mihimili na saraka ya mifereji ya maji akihama kutoka moja hadi nyingine huukuta mlinganyo wake, mipaka ya grafu yake, na menyu yake kama alivyoviacha, bila kupanga lolote upya. Saraka moja kwa kazi moja, pamoja na CST yake, ni mpango ninaoupendelea kuliko ule wa kugawa vitu kwa jinsi zao, programu huku, nambari huku na matriki kule, maana mpango huu wa pili huwatenga wale wanaoitana.

Wenye kuandika programu wana jambo lao zaidi. Thamani ya kupita tu, inayohitajika ndani ya programu na kusahauliwa baadaye, haifai kuhifadhiwa kwa STO, bali kwa ule mshale wa RPL unaofungua vigeu vya ndani, ambavyo huzaliwa programu inapoanza na kutoweka inapokwisha, bila kugusa saraka yoyote. Na programu inayolazimika kuhama saraka ianze kwa kuita PATH na kuihifadhi njia hiyo katika kigeu cha ndani, kisha imalize kwa kuitekeleza njia ile kwa EVAL, ili mtumiaji arejeshwe pale pale alipokuwa. Programu inayomwacha mtu saraka ngeni haikumfanyia adabu, na yumkini itamfanya ahifadhi kazi yake ya jioni nzima mahali asipopajua.

Ama kumbukumbu yenyewe, mbali na vigeu, hujaa kwa njia ambazo jicho halizioni. Kila tokeo la kati la hesabu huandikwa katika sehemu ya muda, na rundo hushika anwani tu za vitu hivyo. Na kitu kisichoshikwa tena na anwani yoyote hubaki pale pale, hadi mashine itakapoona nafasi imebana, isimame kidogo na kuviondoa vyote visivyo na mwenyewe. Ule mtulio wa ghafla katikati ya hesabu, ambao wageni waliudhania kuwa ubovu, ndio huo usafishaji, na mwenye kuuliza nafasi iliyobaki kwa amri ya MEM huulazimisha ufanyike kabla ya kupewa jibu. Fauka ya hayo, mashine huweka nakala ya rundo la mwisho, ya amri za mwisho na ya vitu ambavyo amri ya mwisho ilivitumia, ili mtu aweze kulirudia lililomponyoka, na nakala hizo nazo zina uzito. Nafasi ikizidi kupungua chombo huanza kusema: kwanza kwamba hakuna nafasi ya kuhifadhi rundo la mwisho, kisha kwamba kumbukumbu haitoshi kwa kazi iliyoombwa; na ikifika mwisho kabisa huacha kila kitu na kumwonyesha mwenyewe kitu kimoja baada ya kingine, kikimuuliza kwa kila kimoja kama kifutwe au kisifutwe. Ni mahali pabaya pa kufanyia maamuzi, kwa sababu mtu hapo hana rundo, hana menyu, wala hana nafasi ya kutazama ndani ya kile anachoulizwa. Afadhali vitu kumi viondolewe kwa hiari mapema.

Katika kufuta, mashine imetofautisha kwa hekima. PURGE hukataa kufuta saraka yenye kitu ndani, hata ikiwa kitu hicho ni nambari moja. Anayetaka kuifuta pamoja na yaliyomo hana budi kuita amri nyingine, PGDIR, na hiyo haiulizi wala hairudishi. Iko pia CLVAR, inayofuta vigeu vyote vya saraka iliyo wazi, na kabla ya kuiita yafaa kutazama mara mbili ile njia iliyoandikwa juu ya kioo.

Yanabaki maneno ya nakala. Mwenye HP-28S hakuwa na namna ya kuitoa kazi yake isipokuwa kuichapa kwa printa ndogo ya karatasi ya joto iliyopokea maandishi kwa mwanga usioonekana, na ikimpotea aliirudisha kwa vidole, herufi kwa herufi, kutoka katika karatasi hiyo, kwa kuwa chombo kilitoa lakini hakikupokea. HP-48SX ndicho kilichofungua mlango: kilikuwa na waya wa kuungana na kompyuta kwa utaratibu wa Kermit, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1981, na kilikuwa na nafasi mbili za kutia kadi za kumbukumbu, kila kadi ya kuandikia ikiwa na betri yake ndogo ili isisahau inapochomolewa. Kadi hiyo yaweza kuunganishwa na kumbukumbu kuu, ikaongeza wasaa, au yaweza kuachwa huru, ikawa ghala. Na mtu akikosa kuitenganisha kwanza kadi iliyounganishwa, akaichomoa tu, hupoteza vilivyokuwamo. Kwa mwenye nafasi moja tu ya kuchagua, ushauri wangu ni ghala. HP-49G cha mwaka 1999 kilileta kumbukumbu isiyohitaji betri, na HP-49g+ cha mwaka 2003 kikaleta kadi za SD zinazosomwa na kompyuta, lakini saraka, vigeu na kanuni ya kupanda vilibaki vile vile.

Amri ya ARCHIVE huichukua HOME nzima, pamoja na saraka zote za chini yake, na kuiweka katika kadi au kuipeleka kwenye kompyuta kwa jina utakalolichagua, na RESTORE huirudisha. Ni lazima kujua vitu viwili kabla ya kuitegemea. Kwanza, RESTORE haichanganyi ya zamani na mapya. Huiondoa HOME iliyopo na kuiweka ile ya nakala mahali pake, kwa hiyo kilichohifadhiwa baada ya nakala kuchukuliwa hutoweka. Pili, ARCHIVE haichukui bendera, yaani zile alama za ndani zinazoamua kama pembe ni za digrii au za radiani, na kama nambari itaonyeshwa kwa tarakimu ngapi. Na mtu anayerejesha kazi yake katika kikokotoo kingine anaweza kupata majibu ya pembe yasiyo sahihi huku kila kigeu kikiwa pale pale kilipokuwa. Kwa hiyo, kabla ya kuita ARCHIVE, ita RCLF, ambayo huziandika bendera zote juu ya rundo, na uzihifadhi ndani ya HOME kwa jina fupi. Kisha, RESTORE itakapokwisha, liite jina hilo na uitekeleze STOF.